Nimechukua Viti Viwili

Butembo, Jumamosi, jua likishuka

Masika,

Ukiingia chumba cha kulia utaona meza imebaki na viti vinne. Hakuna mwizi. Viwili nimevichukua mimi, changu na kile cha mama yako, na niko navyo uani kwa Mwalimu Kabeya, nyuma ya shule. Barua hii ataileta Mama Kavira akirudi kufunga terasi yake ya pombe. Ukiisoma hadi mwisho utajua kwa nini baba yako halali nyumbani usiku wako wa mwisho Butembo. Kasirika, lakini kasirika baada ya kusoma.

Mambo ya safari nayaacha. Mama Kavira ameshakueleza kuhusu maji ya kuchemsha, viatu na wanaume. Mjomba wako Kambale atakupokea Beni na kukufikisha uwanja wa ndege wa Mavivi, na kama ndege itaruka, kesho jioni utakuwa Kampala kwa shangazi yako, karibu na shule yako ya uuguzi. Mtu aliyesimama ubaoni maisha yake yote, aliyebishana na mapadri, na makamanda, na wauza dhahabu, leo anatafuta neno la kumwagiza mtoto wake na hapati. Si huzuni. Huzuni naijua. Hii ni kama mguu uliokaliwa muda mrefu: unaushika, unajua ni wako, na hausemi kitu.

Basi nitakuandikia habari za viti.

Jumamosi za mji huu wewe ulizikuta zikiisha. Zilikuwa za ndoa. Magari yalizunguka mzunguko wa rond-point yakipiga honi, bibi arusi akitoa mkono dirishani, kisha picha zilipigwa mbele ya jengo jipya la tajiri fulani, maana kila mwaka kulikuwa na jengo jipya. Karamu ililala na kuamka. Jumapili ilikuwa ya misa, halafu nyama ya mbuzi na kasiksi, ile pombe yetu ya ndizi, kwa Mama Kavira, halafu mpira, halafu matembezi ya kuonyeshana vitenge. Na mtu akifa, watu walikaa. Walikaa siku tatu, hata nne, wanaume uani wakizunguka moto, wanawake ndani kwenye mikeka. Hakuna aliyeuliza wataondoka lini. Kuuliza kulikuwa matusi.

Halafu vita. Watu husema vita ilileta bunduki. Ilileta pia saa kumi. Kuanzia saa kumi ya jioni kila mtu alitaka awe karibu na mlango wake, kwa hiyo ndoa, mazishi, ubatizo na mikutano, vyote vilibanwa katika saa zile chache za Jumamosi. Na mtaa wetu una viti vya plastiki hamsini, vyeupe, vyenye alama ya rangi nyekundu chini, na mtunzaji wake ni Mama Kavira. Tangu hapo, aliyetaka kujua Butembo inaishije alitakiwa kufuata viti, si watu. Asubuhi vilikuwa kwenye kilio, vimepangwa kimya. Mchana vilifungwa kwa kamba juu ya chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, yule mwenye chukudu akiisukuma kupanda mlima huku gurudumu la mti likilia, na saa nane vilikuwa kwenye ndoa. Mtu alifurahia muziki amekalia kiti ambacho saa chache kabla mjane alikuwa amekikalia. Tulizoea. Tulizoea mengi.

Ndipo nikaandika ile karatasi.

Unaijua, lakini ulikuwa mdogo, huenda hukuambiwa sababu yake. Kule Vulamba, watu wenye bunduki waliingia kwenye kilio siku ya tatu. Walikuta wanaume thelathini wamekusanyika mahali pamoja, wakachukua mbuzi, baiskeli, na vijana wawili. Vijana hawakurudi. Mimi nilirudi nyumbani nikakaa mezani, kwenye kiti hiki nilichokikalia sasa, nikaandika kurasa mbili bila kufuta neno. Niliziita Siku Moja Yatosha. Nilisema maiti haihitaji walinzi. Nilisema anayekaa siku tatu anailisha njaa yake kwa jina la marehemu. Nilisema mji wenye vita hauna haki ya kuwa na desturi za mji wenye amani. Nilizitoa kwenye stensili ya shule, nikazibandika kwenye mlango wa kanisa na ukutani kwa Mama Kavira.

Nimeisoma tena leo asubuhi. Nataka kukuambia kwamba nimeona makosa yake, lakini sikuyaona. Kila hoja imesimama. Mtu akija kubishana nami hapa uani kuhusu karatasi ile, nitamshinda. Hilo ndilo linalonitisha kuliko yote, kama bado kuna kitu kinachonitisha.

Mama yako alinisomea kwa sauti ukurasa wa kwanza, akaukunja, akaurudisha mezani.

“Papa Masika, unaandika muzuri,” akasema. “Lakini mimi hapana unitie ndani. Mimi nitakaa siku zangu tatu.”

Na alikaa. Ulikuwa ukimwona akifunga kitambaa kichwani na kuondoka na unga wake kwenye beseni, hata kwa watu ambao mimi sikujua majina yao. Nilimcheka mbele ya watu. Nilisema karatasi yangu imeongoa mji mzima isipokuwa jiko langu. Watu walicheka. Yeye pia alicheka, akaenda.

Aliyenipinga waziwazi ni mmoja tu, na ni mgeni. Kabeya aliletwa na serikali kutoka Kasai kufundisha hesabu, kabla ya mambo kuharibika. Vita ilipokata nchi vipande viwili, mshahara wake ulibaki upande ule, pamoja na mke wake. Kila Jumapili baada ya misa alikuwa kwa Mama Kavira amevaa kravati, akinisubiri kama bondia anavyomsubiri mwenzake.

“Ninyi Banande,” akaniambia mbele ya karatasi yangu ukutani, “hata machozi munayapima kwa kilo.”

“Na ninyi Baluba hata kwenye kilio munakuja na kravati, marehemu anafikiri mumekuja kumupa kazi.”

“Mwalimu, tuache mizaha. Mutu akikufa, batu banakuja kufanya nini?”

“Kufariji. Kitu kinachowezekana kwa saa mbili.”

“Hapana. Banakuja kukaa. Kukaa ndiyo kazi yenyewe. Wewe unatafuta faida ya kukaa, haiko.”

“Kitu kisicho na faida katika vita ni anasa.”

“Mama Kavira!” akaita. “Lete kasiksi ingine, huyu mutu hajalewa bado, anasema kama kitabu.”

Nilishinda siku ile. Kila mtu terasini alikubali nilishinda. Na mtaa ukafuata. Baada ya miezi michache kilio kilikuwa siku moja: unazika asubuhi, unakunywa chai, viti vinaondoka. Wazee walinung'unika kidogo, kisha wakaona ni nafuu. Watu husema mji huu unabadilishwa na askari, na pikipiki, na jenereta za vibanda vya video. Desturi hii niliibadilisha mimi, kwa kurasa mbili.

Sasa naja kwenye siku ambayo hatujawahi kuisema.

Mama yako alikufa Alhamisi. Ijumaa hatukuweza kuzika kwa sababu tuliwasubiri watu wa Beni, na barabara ilikuwa imefungwa. Jumamosi asubuhi tulizika bila wao. Mtaa mzima ulikuja. Nakumbuka nilihesabu viti nikaona havikutosha, watu wengi wamesimama, na nikajivuna. Mbele ya kaburi la mke wangu nilijivuna kwa kuona watu wengi. Halafu tukarudi nyumbani, chai ikanywewa, na saa nane Mama Kavira akanijia taratibu, ameshika kitambaa chake kwa mikono miwili.

“Mwalimu, pole sana. Biti... tubebe ao tuache? Kuko ndoa kule Vulamba, na jua inaenda. Ukisema biache, nitabiacha. Batakaa chini.”

Aliniuliza, Masika. Nataka ulijue hilo, usimchukie. Mlango ulikuwa wazi. Neno moja lilitosha, na watu waliokuwa bado uani walikuwa wakinitazama, kwa sababu kila mmoja alikuwa amewahi kuondoka mapema kwenye kilio cha jirani kwa ajili yangu. Nikisema viache, nimewaambia wote kwamba sheria ilikuwa ya wafu wao, si ya wangu. Niliona hoja yote kwa mara moja, ikiwa safi kama hesabu za Kabeya.

Nikasema, “Mubebe.”

Wewe ulikuwa umekaa karibu na mlango wa jikoni, na sufuria ya chai mapajani. Yule mwenye chukudu alikusanya viti vyote, akafika kwako, akasimama. “Mama mudogo, samahani,” akasema. Ukainuka. Hukumtazama yeye, ulinitazama mimi. Kisha ukakaa chini, ukutani, sufuria bado mikononi. Saa kumi uani hakukuwa na mtu. Majivu ya moto yalikuwa bado na moshi.

Mjomba Kambale na ndugu zake walifika Jumapili mchana, wametembea sehemu ya njia, wana vumbi hadi kwenye nyusi. Walikuta ua umefagiwa. Kambale alifikiri amekosea nyumba. Alirudi hadi barabarani, akatazama, akaingia tena.

“Shemeki,” akaniambia, “batu beko wapi?”

Nikanyoosha mikono kupokea mzigo wake. Wewe ukajibu kutoka mlangoni, bila hasira, kama mtu anayesoma tangazo.

“Papa aliandika.”

Nimesoma vitabu vingi. Nimesoma hukumu dhidi ya wafalme. Sijasoma iliyo fupi kuliko hiyo.

Mwanamke aliyekaa siku tatu kwa kila mtu hakupata hata jioni moja. Na watu hawakumwonea. Walitii.

Wakati mjomba wako bado amesimama na mzigo wake, Kabeya akaingia. Alikuwa amebeba kiti kichwani, kile chake cha mbao cha nyumbani kwake, na kravati imefungwa. Alikuwa amekuja Jumamosi pia, akatoka viti vilipotoka, na mimi nikadhani amekwenda kama wengine. Alikuwa amekwenda kulala, na kuchukua kiti. Akakiweka katikati ya ua ule mtupu, akakaa.

“Uko unafanya nini?” nikamuuliza.

“Niko nakaa.”

“Kabeya, unajua tulivyokubaliana katika mtaa.”

“Muko munakubaliana benyeji. Mimi ni mugeni, ile karatasi hainihusu. Unaweza kuandika ingine ya bageni, nitaisoma.”

Kambale alimtazama, akanitazama. “Huyu ni ndugu yako?”

“Hapana,” nikasema. “Ni adui yangu.”

“Muzuri,” akasema mjomba wako. “Angalau uko na adui.” Akatua mzigo, akakaa chini kando ya kiti cha Kabeya, na ndugu zake wakafuata. Walikaa hadi Jumanne. Kabeya alikwenda kufundisha na kurudi, kwenda na kurudi, kiti kikimsubiri. Hakunifariji hata mara moja. Alibishana nami kuhusu bei ya stensili, kuhusu kama sifuri ni namba. Jumatatu nilijikuta nimempigia kelele, na katikati ya kelele nikalia. Alisubiri nimalize, akasema, “Donc, basi, tulikuwa kwenye sifuri.”

Sikumshukuru kamwe. Nilifikiri kuna Jumapili nyingi.

Jumatano wiki hii alishikwa na homa. Jana asubuhi amekufa. Leo saa tatu tumemzika, na saa sita ilikuwa karamu yako ya kuagwa, kwa viti vile vile. Wewe uliona nimechelewa na viatu vina udongo, ukanipa sahani. Nilikula wali, nilisema maneno machache, watu walicheka pale nilipotaka wacheke. Saa nane Mama Kavira akaja kuchukua viti. Nikamuuliza vinakwenda wapi. Akasema ndoa, tena Vulamba. Nikamuuliza, na kwa Kabeya? Akanitazama kama mtu anayeogopa kukosea mbele ya mwalimu.

“Kwa Mwalimu Kabeya tulimaliza asubuhi,” akasema. “Si siku moja?”

Hakukuwa na dhihaka ndani yake. Ningependa ingekuwepo.

Kwa hiyo nilichukua viti viwili vya mezani, kimoja kila mkono, nikapita navyo barabarani mbele ya watu wa Jumamosi, na vijana wenye pikipiki wakanipigia honi wakidhani ninahama. Nimekuja kukaa. Hakuna mwingine. Mke wake yuko upande wa pili wa vita. Barua haivuki, redio ya misheni haijibu. Kesho ni Jumapili. Atavaa kitenge chake kizuri aende misa, na baada ya misa huenda watu watacheka naye njiani. Hajui kwamba ni mjane. Mtu mmoja lazima akae kwa niaba yake, na anayefaa kuliko wote kufanya hivyo ni yule aliyewaondoa wengine.

Jumapili iliyopita, ukikunja nguo zako, uliniuliza, “Papa, nikifia kule, mutakaa siku ngapi?” Nikakuambia usiseme upuuzi, na nikaanza kueleza bei ya tiketi. Nilikusikia vizuri. Nilijua ni swali gani, na kwamba umelibeba miaka miwili. Jibu langu ni ua huu ninamokaa sasa. Sina jingine. Kama lingekuwa la maneno, usingeliamini, na ungekuwa na haki.

Nitakupa neno moja tu la kule uendako, nalo si la kwangu, nimelipata kwa mama yako na kwa Kabeya. Siku za kazi zitakubeba zenyewe. Kuna kengele, kuna wagonjwa, kuna mwalimu wa kukugombeza. Zitakazokukamata ni Jumamosi. Utasikia muziki kwa majirani na utajiambia huna haki ya kwenda, hukualikwa, huna nguo, una mtihani. Nenda. Nenda kwenye ndoa za watu usiowajua na kwenye vilio vya watu usiowajua, na usiwe wa kwanza kuinuka. Saidia kupanga viti wakimaliza. Mimi nilikuwa na hoja nzuri ya kutokufanya hivyo. Mama yako hakuwa na hoja yoyote, alikuwa na beseni la unga.

Na utafute mtu wa kukupinga. Ukimpata, mshukuru mapema.

Muda mfupi uliopita askari wawili walipita hapa, wakaniona peke yangu na viti viwili. Mmoja mdogo kuliko wewe, mwenzake ana umri wa kuwa na watoto.

“Vieux, mzee wetu, unangoja nani?” yule mkubwa akauliza.

“Singoji. Kuko kilio.”

“Cha nani? Batu beko wapi?”

“Mwalimu wa hesabu. Batu beko kwenye ndoa.”

Wakacheka. Mkubwa akasema miguu inamuuma, akavuta kiti cha mama yako ili akae. Na hapo, Masika, kitu ambacho kilikuwa kimenyamaza tangu jana kikasema. Nikaweka mkono juu ya mgongo wa kiti.

“Hiki kiko na mwenyewe.”

“Mwenyewe nani? Mi sioni mutu.”

“Binti yangu. Eko nakuja.”

Alinitazama, bunduki begani. Mdogo akamwita kama kaka yake, “Yaya, tuende, ni kilio.” Wakaenda.

Gari la Beni linaondoka saa kumi na mbili asubuhi. Kutoka nyumbani hadi hapa ni dakika kumi, na kutoka hapa hadi kwenye gari ni tano. Sikuombi ukae siku tatu. Sikuombi hata ukae saa. Njoo na sanduku lako, ukalie kiti cha mama yako muda wa kikombe kimoja cha chai, na kama huna la kuniambia, usiseme kitu. Tutakaa. Kisha nitakubebea sanduku hadi kwenye gari, na nitarudi hapa kumaliza siku zake.

Nimemkatalia kiti mtu mwenye bunduki, nikasema kina mwenyewe. Usifanye baba yako awe mwongo.

Papa